Tumechanga 1,495,000 kwa ajili ya Oktoba 10. Tuchapishe fulana au tufanye nini?

#1 Kijana wa Nyanda
Wakuu, salaam.
Sisi ni kikundi cha vijana 23 wa kata moja mkoani Njombe. Mwaka juzi tulimzika mwenzetu, sitaeleza zaidi ya hapo. Baada ya msiba tukakubaliana kila mmoja atoe elfu tano kwa mwezi ili siku moja tufanye jambo kuhusu afya ya akili. Miezi 13 imepita, kibubu kimefika 1,495,000.
Sasa tumegawanyika. Nusu wanataka Siku ya Afya ya Akili Duniani, Oktoba 10, tuchape fulana 100, tufanye matembezi, tualike mgeni rasmi. Nusu nyingine tunasema tarehe 11 asubuhi kila kitu kitakuwa kama tarehe 9. Mama yangu mdogo anatumia dawa za akili. Kwenda hospitali ya wilaya na kurudi ni nauli 14,000, na mara nyingi akifika anaambiwa dawa moja ipo, nyingine akanunue nje. Zahanati iko dakika kumi kutoka nyumbani, lakini pale hakuna hata moja.
Wenye uzoefu, vijana wanapiganiaje hili wasikike?

#2 Nasubiri Wajuzi
Nimekaa siti ya mbele.

#3 Kitunguu Saumu
Fulana kwa baridi ya Njombe? Watu watavaa sweta juu. Ujumbe utasomwa na nani, mbavu?
Na huyo mgeni rasmi mmempigia hesabu? Mafuta ya gari lake, maji yake ya chupa, bahasha ya dereva, vitambaa vya kupamba meza yake. Akimaliza hotuba mtakuwa mmebaki na nauli ya kurudi.

#4 Hesabu Haidanganyi
23 × 5,000 × 13 = 1,495,000 kamili. Kikundi cha Kitanzania, miezi 13, hakuna hata mmoja aliyekwepa mchango? Mkuu, hiyo chai haina hata tangawizi.

#5 Kijana wa Nyanda
#4 😂 Wawili walikwepa. Mweka hazina ni dada yangu, alifuata deni mpaka shambani kwenye viazi.

#6 Mchambuzi Huru
Msidharau fulana. Afrika Kusini mwaka 1998 watu walianzisha Treatment Action Campaign, kampeni ya kudai dawa za UKIMWI, Zackie Achmat akiwa mbele. Walivaa fulana zimeandikwa HIV POSITIVE kifuani, kubwa, wenye virusi na wasio navyo pamoja. Wakati ule kusema una virusi kulikuwa hatari, kwa hiyo fulana yenyewe ilikuwa vita. Mwaka 2002 Mahakama ya Katiba ikaiamuru serikali itoe nevirapine, dawa ya kuzuia mama asimwambukize mtoto, kwa wajawazito nje ya vile vituo vichache vya majaribio.
Fulana inafanya kazi ikisema jambo ambalo mtu anaogopa kulisema. "Afya ya Akili ni Muhimu" haimtishi yeyote.

#7 Kitunguu Saumu
#6 hapo nimekuelewa, ila umeruka kitu. Wale hawakuvaa tu. Walifundishana majina ya dawa, zinafanyaje kazi, bei yake ni ngapi. Mama wa mtaani alikuwa anabishana na daktari kwa jina la kidonge. Vijana wetu ukiwauliza mama mdogo wa #1 anatumia dawa gani, watajibu "zile nyeupe".

#8 Wakili wa Kona
Mnazunguka mbuyu. Kampeni ya kwanza ianzie kwenye sheria. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 217, inasema anayejaribu kujiua ametenda kosa. Adhabu ya makosa ya aina hiyo inaweza kufika miaka miwili jela. Sasa kijana aliyeokolewa usiku, wazazi wake wampeleke hospitali wakijua polisi anaweza kuja kuandika maelezo? Watasema amekunywa dawa ya panya kwa bahati mbaya, daktari ataandika hivyohivyo, na takwimu zitasema kata yenu haina tatizo.

#9 Mpiga Zumari
Hicho kifungu si kilishafutwa? Nilisikia redioni.

#10 Matatu ya Mwisho
#9 ulisikia ya kwetu Kenya. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu Nairobi ilisema kifungu chetu cha kosa hilo, cha 226, kinakwenda kinyume cha Katiba. Waliopeleka kesi ni Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya pamoja na chama cha madaktari wa akili. Sisi tuna kifungu cha 43 cha Katiba kinachosema kila mtu ana haki ya kiwango cha juu cha afya, ndiyo maana wakili anapata mahali pa kusimama. Nyinyi mko na hiyo?

#11 Wakili wa Kona
Asante kwa kusahihisha #9. Kwetu 217 bado kipo. Ghana nao walikifuta cha kwao mwaka 2023, lakini kwa Bunge, si kwa kesi.
Swali lako ni zuri na linauma. Katiba yetu ya 1977 inataja mambo ya ugonjwa na uzee kwenye ibara ya 11, lakini ibara ya 7 inasema sehemu hiyo haiwezi kudaiwa mahakamani. Lazima uzungukie kwenye haki ya kuishi, ibara ya 14. Inawezekana. Rebeca Gyumi alikuwa msichana wa umri wenu alipopeleka kesi ya umri wa ndoa. Alishinda Mahakama Kuu 2016, serikali ikakata rufaa, akashinda tena 2019.

#12 Chumvi ya Uvinza
Na baada ya 2019 Sheria ya Ndoa ya 1971 ilibadilishwa lini? Malizia hadithi, wakili. Alishinda mara mbili na miaka ikaendelea kukatika huku kifungu kiko kitabuni. Vijana 23 wa Njombe wenye milioni moja na nusu unawapeleka kwenye njia hiyo?

#13 Wakili wa Kona
Sikusema wao ndio wafungue kesi. Nimesema waijue.

#14 Nesi wa Zamu
Nipo kazini, nitaandika kwa haraka.
Mleta uzi, zahanati yenu haina dawa za akili na kila mtu anadhani zimeibwa au serikali imenyima. Yawezekana. Lakini ulizeni kwanza mambo mawili.
La kwanza, herufi. Kwenye mwongozo wa matibabu wa taifa kila dawa ina herufi ya ngazi inapoanzia. A ni zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, na kuendelea juu. Kama dawa ya mama mdogo si ya A, hata mpige kelele miaka kumi, mfamasia hawezi kuileta. Kampeni yenu itakuwa ya kubadilisha herufi, na hiyo ni Dodoma, si kwa mganga mfawidhi.
La pili, kama ni ya A, je, imeagizwa? Bohari ya Dawa haioti ndoto. Zahanati hujaza maombi kwa kuangalia matumizi ya nyuma. Wagonjwa wote wanakwenda wilayani, kwa hiyo matumizi ya zahanati ni sifuri, tunaagiza sifuri, tunaletewa sifuri, na wagonjwa wanaendelea kwenda wilayani. Nimeona mzunguko huu kwa macho yangu. Hakuna mwizi hata mmoja ndani yake.
Kuukata mtu lazima alete idadi. Siyo majina! Idadi tu. Watu wangapi kata nzima wana kifafa, wangapi wanatumia dawa za akili, vidonge vingapi kwa mwezi. Tangu 2017/18 fedha za kituo zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati, na kuna kamati ya usimamizi yenye wananchi ndani yake inayokaa juu ya matumizi. Bohari ikikosa, kuna mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa, wa kununua kwake. Wajumbe wa kamati yenu mnawajua?

#15 Kijana wa Nyanda
#14 Mungu akubariki. Tumeulizana hapa, kati ya 23 hakuna anayemjua hata mjumbe mmoja. Kumbe mmoja ni babu yake katibu wetu.

#16 Kitunguu Saumu
😂😂 Kampeni imeshindwa kuvuka sebule.

#17 Mzee Kobe
Mimi nawasoma tu. Vijana wa sasa laini kama mlenda. Sisi tulikula ugali kwa chumvi, tulitembea kilomita kumi na mbili kwenda shule, hakuna aliyejua hiyo sonona. Mkipewa jembe mtapona.

#18 Binti Pangani
#17 shikamoo babu. Hospitali ya akili ya Mirembe ilifunguliwa 1927. Waliijenga kwa ajili ya nani, mbuzi?

#19 Mzee Kobe
Marahaba. Milembe ilikuwa ya vichaa, si ya watoto waliokosa bando.

#20 Chumvi ya Uvinza
Ni Mirembe babu, kwa R.

#21 Mzee Kobe
Nimeishi Dodoma miaka thelathini na mbili. Usinifundishe.

#22 Popobawa Mstaafu
Hapo kwenye maneno ndipo penye kitu. "Sonona" ni neno zuri, limetoka kwenye kusononeka, ila nani analisema nyumbani? Huku Unguja mtu husema "ana mawazo". Ukimwambia "una sonona" ataona umemwapiza. Ukisema "nakuona una mawazo", atakaa kitako akueleze.
Zimbabwe waliliona hilo mapema. Daktari Dixon Chibanda mwaka 2006 pale Mbare, Harare, hakuwa na wataalamu wala vyumba, akaanza na bibi 14 na benchi nje ya zahanati. Walitumia neno la Kishona la watu wenyewe, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Benchi hilo lilikuja kuigwa mpaka huku kwetu Zanzibar. Kabla ya hapo ukitaja akili, kila mtu anawaza hospitali ya Kidongo Chekundu, na ukionekana geti lile, mchumba hupati.
Benchi ni mbao mbili na misumari. Milioni moja na nusu mnajenga mabenchi mangapi?

#23 Nesi wa Zamu
#22 mbao si tatizo. Wale bibi walifundishwa na wanasimamiwa, mgonjwa akizidi wana pa kumpeleka. Ukiweka benchi bila hayo umejenga kijiwe cha umbea.

#24 Popobawa Mstaafu
Nakubali. Ila hata kijiwe cha umbea kina kazi yake.

#25 Jina Mfukoni
Nimewahi kuwa mwelimisha rika. Wafadhili wanatuchapia fulana, tunapewa posho ya elfu ishirini kwa semina, tunapiga picha tumeshika mabango. Mwezi Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, miradi ilifungwa ndani ya wiki. Vijana tuliokuwa tunawatembelea wakaendelea kunipigia simu, na mimi sina vocha. Ndiyo maana nasema hela yenu ndogo ya kuchanga ina thamani kuliko ya mradi, kwa sababu haina tarehe ya kufungwa. Msiimalize siku moja.

#26 Dada wa Soko la Juu
Mnadhani mkishinda imekwisha. Mnakumbuka kodi ya pedi? Wadada walipiga kelele, 2018 serikali ikaondoa VAT. Bei dukani haikushuka, wafanyabiashara wakala tofauti. 2019 kodi ikarudishwa, na sababu iliyotolewa ni hiyohiyo, kwamba mteja hakufaidika. Tulikuwa tumeshakunja mabango tukaenda nyumbani. Hakuna aliyebaki kuandika bei za madukani mwezi kwa mwezi.

#27 Matatu ya Mwisho
#26 sisi Kenya VAT ya pedi iliondolewa 2004 na bado kuna wasichana shuleni wanatumia vitambaa. Kwa hiyo naona una ukweli, lakini pia umaskini hauulizi kodi.

#28 Loliondo Express
Mnasahau 2011. Babu wa Samunge, yule mchungaji wa kikombe cha dawa, hakuwa na fulana wala hashtegi. Kikombe shilingi 500, foleni ya magari kilomita na kilomita, mpaka mawaziri walikunywa. Mkitaka watu waje, wekeni bei ya 500.

#29 Hesabu Haidanganyi
Na waliacha dawa zao nyumbani, wengine hawakurudi. Tusifanye utani na hilo.

#30 Loliondo Express
Sikuisifu dawa. Nimesema bei na heshima. Pale hakuna aliyeulizwa kadi wala kufokewa dirishani.

#31 Mtoto wa CTC
Njombe mna somo lenu wenyewe, sijui kwa nini mnakwenda mpaka Harare. Mkoa wenu ndio wenye maambukizi ya VVU ya juu kuliko yote, asilimia 12.7 kwenye utafiti wa 2022-23. Nimezaliwa nayo, nahudhuria CTC, kliniki ya wenye VVU, tangu nikiwa mdogo. Nikikosa tarehe yangu, napigiwa simu. Nisipopokea, mtu anakuja nyumbani. Faili langu lina namba. Dawa za miezi kadhaa napewa kwa mkupuo. Hayo yote hayakuwepo mwanzoni, watu walipambana.
Mgonjwa wa akili akikosa tarehe, nani anajua? Pale tu anapookota makopo barabarani. Ombeni kitu kimoja tu, mgonjwa wa akili afuatiliwe kama mimi ninavyofuatiliwa.

#32 Nesi wa Zamu
#31 hili ni zito na ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu CTC ilikuwa na fedha za nje nyuma yake. Ila wahudumu wa afya ngazi ya jamii walioanza kuchaguliwa kwa mpango wa 2024 wanapita nyumba kwa nyumba. Hapo pana mlango.

#33 Mzee Kobe
Nimerudi. Hamjui serikali inavyofanya kazi, nyote. Nimekuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji vipindi viwili. Mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi mitatu, kila mwenye miaka 18 ana haki ya kusema. Nyinyi hamji, mnakuja wakati wa kugawa mbolea. Simama, sema "zahanati haina dawa za kifafa na akili, naomba iingie kwenye muhtasari". Usikae chini mpaka mtendaji ameandika. Kesho yake nenda kaombe nakala ya muhtasari. Jambo lisiloandikwa halijasemwa. Nenda na vijana kumi, sio mmoja, ili wasiseme ni mtu ana lake.
Na matembezi mkitaka kufanya, polisi wapewe taarifa kwa barua saa 48 kabla, msije mkaanza kampeni ya afya mkamalizia mahabusu.

#34 Binti Pangani
#33 babu kumbe una madini! Ile ya jembe tunaifuta?

#35 Mzee Kobe
Haifutwi.

#36 Wakili wa Kona
Mtendaji akikataa kutoa nakala, kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Mnaandika barua, anatakiwa kujibu ndani ya siku 30.

#37 Chumvi ya Uvinza
Siku 30 zikipita?

#38 Wakili wa Kona
Unaandika nyingine.

#39 Niliyelazwa
Nimesoma yote. Nimewahi kulazwa wodi ya akili, sitasema wapi, mara mbili. Nafanya kazi, nina mtoto.
Kwenye posti 38 kuna mawakili, manesi, wazee, bibi wa Zimbabwe. Hakuna aliyemuuliza mleta uzi huyo mama mdogo anataka nini. Sisi watu wanatutembezea matembezi huku tumesimama pembeni tukiangalia.

#40 Kijana wa Nyanda
#39 nimeona aibu. Leo jioni nitakwenda kwake.

#41 Kijana wa Nyanda
Nimetoka. Nilitegemea aseme dawa, au nauli. Amesema siku.
Kliniki ya akili hospitali ya wilaya ni Alhamisi. Alhamisi ni siku ya gulio. Basi linajaa wanawake wa kata nzima wenye mafurushi, kila mmoja anauliza "mama fulani, leo unakwenda kuuza nini?" Yeye hana furushi. Miaka minne amekuwa akibeba debe la viazi alilolijaza nusu ili aonekane anakwenda sokoni. Akifika analiacha kwa mlinzi.
Nilikuwa namuona na lile debe. Nilidhani anauza.

#42 Nasubiri Wajuzi
Dah.

#43 Hesabu Haidanganyi
Kuhamisha siku ni bure kabisa. Anzeni hapo, hela ibaki.

#44 Nesi wa Zamu
#43 si bure. Mratibu wa afya ya akili wa wilaya mara nyingi ni mmoja, siku nyingine yuko wodini au kwenye vikao. Na wapo wagonjwa wanaoipenda siku ya gulio kwa sababu ndiyo siku pekee yenye usafiri. Ukihamisha, unamsaidia mmoja unamfungia mwingine. Waulizeni na hao.

#45 Jina Mfukoni
Kwa hiyo tunarudi kwa dawa kufika zahanati. Dakika kumi kwa miguu, hakuna basi, hakuna debe.

#46 Binti Pangani
Kijijini zahanati ndiyo mbaya zaidi! Nesi ni shangazi yako, mfagizi ni jirani. Afadhali basi la watu hamsini kuliko dirisha la shangazi.

#47 Niliyelazwa
#46 inategemea shangazi.
Na kwa anayesoma kimya akiwa amezidiwa, piga 199 ya Wizara ya Afya, ni bure. Mtoto au anayempigia mtoto, 116. Usingoje uzi uishe.

#48 Kijana wa Nyanda
MREJESHO. Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa shambani.
Mkutano wa kijiji tulikwenda 14. Tulisema kama alivyoelekeza Mzee Kobe, ikaandikwa, nakala tunayo. Tumepata familia tisa zilizokubali kuhesabiwa, majina hatukuandika. Babu yake katibu amelipeleka kwenye kamati ya zahanati. Dawa ya kifafa wamesema wataiagiza. Dawa mbili za mama mdogo, moja herufi si ya zahanati, kwa hiyo nusu ya safari yake imebaki palepale.
Siku ya kliniki haijahama. Kati ya wale tisa, wanne wanataka ihame, watatu hawataki, wawili wamesema tusiwaulize tena. Mratibu ametupokea vizuri, amesema ataangalia.
Nauli za wote tisa kwa miezi mitatu ni 378,000, tumeshaanza kutoa. Kibubu bado kina 841,000 na ugomvi unaendelea, kuna kundi linataka benchi.

#49 Hesabu Haidanganyi
1,495,000 toa 378,000 toa 841,000. Kuna 276,000 haina maelezo.

#50 Kijana wa Nyanda
Fulana 23, kwa 12,000 kila moja. Kura zilikuwa 12 kwa 11.

#51 Kitunguu Saumu
Mmeziandika nini?

#52 Kijana wa Nyanda
"NINA MAWAZO." Mama mdogo ndiye aliyechagua. Asubuhi ya Oktoba 10 kulikuwa na ukungu, wote tulivaa sweta juu.